Tawi la Njia Panda

"Fundi, ushamuuliza Komeo tawi lile aliliondoa nani?"

Jirani yangu muuza viatu vya mitumba aliniuliza hivyo asubuhi moja, huku akipiga brashi buti la mtu aliyeteremka mlimani jana yake. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuonyesha kwamba gauni lako limefumuka nyuma. Nilijifanya sikusikia. Cherehani ilikuwa inakimbia, nikaikanyaga ikimbie zaidi.

"Nasema na wewe, mama. Usinifanye ukuta."

"Nimekusikia."

"Haya. Mimi nimesema tu. Mtu hanunui kiatu bila kuingiza mkono ndani."

Akaondoka zake na buti lake. Lakini swali hakuondoka nalo. Liliingia chumbani kwangu, likakaa juu ya rundo la mikoba, likawa linanitazama.

Mtaa wetu ndio wa mwisho kabla ya lango la hifadhi ya msitu. Ukitoka mlangoni kwangu na kuinua macho, unaona kwanza nyaya za umeme, kisha mabati ya nyumba za walinzi, kisha msitu, halafu, Mungu akipenda na mawingu yakisogea, kilele. Watu hutoka mbali kuja kukipanda. Mimi sijafika hata nusu. Mlima naujua kwa vitu unavyoniletea: mikoba iliyokatika mikanda, mahema yaliyopasuliwa na upepo, zipu zilizosaga mchanga mpaka zikagoma.

Njia za kwenda kileleni ni mbili. Njia ya Mgongo ni ndefu, inazunguka kama mtu anayetafuta maneno ya kuomba radhi, lakini inakufikisha. Njia ya Korongo ni fupi, mawe yake yanateleza mwaka mzima, na ukungu ukishuka huoni hata kidole chako. Zinaachana juu kabisa, chini kidogo ya kibanda cha kupumzikia. Kwa hiyo waongozaji wana utaratibu wao. Wakati wa kuteremka, mwongozaji wa mbele akifika hapo njia panda hulaza tawi kwenye mdomo wa Njia ya Korongo, mgeni asije akapotea. Anayekuja nyuma ya wote, yule wanayemwita mfungaji, ndiye huliondoa baada ya mtu wa mwisho kupita. Tawi likiwa chini, kuna mtu bado juu. Likiondolewa, mlima umefungwa. Hata watoto wa mtaa huu wanalijua hilo.

Mume wangu alikuwa mwongozaji wa mbele. Mfungaji wake alikuwa rafiki yake tangu dawati la shule. Jina alilopewa na wazazi lilisahaulika. Sote tulimwita Komeo, kwa sababu alifunga njia, na kwa sababu mdomo wake nao ulikuwa umefungwa vilevile. Siku moja ya ukungu kundi zima liliteremka salama, mume wangu hakuteremka. Komeo ndiye aliyepanda tena kumtafuta, akamkuta chini korongoni. Tawi lilikutwa limetupwa pembeni, njia iko wazi. Ofisi ya hifadhi ilipomuuliza, Komeo alijibu, "Ukungu ulikuwa mzito," basi. Tangu hapo vijana aliowafundisha yeye wamepandishwa kuwa wa mbele, naye amebaki nyuma. Yale asiyoyasema, mtaa ulimsemea: alihesabu watu vibaya, akafunga mlima na mwenzake yuko juu.

Sikuwahi kumuuliza. Marehemu alikuwa amekwisha kwenda kwa Mola wake, na swali halifufui mtu. Nilibaki na mama mkwe wangu. Mungu hakunijalia mtoto, yeye akabaki hana mwana wa kwanza; tukawa wanawake wawili kwenye nyumba moja, mimi nikimchemshia maji ya kuoga, yeye akinisimulia mwanawe. Alikuwa mfumaji wa sufi, mikono yake ilifuma masweta ya nusu ya mtaa kabla haijakakamaa. Kitu cha mwisho alichofuma ni skafu ya kijani ya mume wangu. Kila mgeni aliyeingia kwetu aliisikia habari yake.

"Nilimvalisha mwenyewe pale mlangoni," alikuwa akisema huku akicheka na machozi yakimlenga. "Nikamwambia, wewe mtoto unapoteza vitu sana. Hii ukiipoteza usirudi nyumbani, baki hukohuko na nyani! Akanibusu hapa. Na kweli hakuipoteza. Walimleta nayo shingoni."

Skafu hiyo ilitundikwa kwenye msumari juu ya kiti chake. Hakuna aliyeruhusiwa kuifua.

Sasa Komeo. Alianza kuja kwangu na mkoba uliokatika mkanda. Nikamshonea. Akarudi na mkanda wa pili. Nikamshonea. Aliporudi na wa tatu niligeuza ule mkanda kwenye mwanga wa dirisha, nikautazama vizuri.

"Shemeji," nikamwambia, "mikoba ya wenzako inachanika mlimani. Wako unachanikia wapi?"

"Mlimani."

"Mlimani kuna visu? Nyuzi zikikatika zenyewe zinakuwa na ndevu. Hizi zimenyolewa."

Alitazama viatu vyake. Mtu mzima, mabega kama mlango, masikio yakamwiva. "Nilikosa sababu ya kuja," akasema.

Tangu siku hiyo alikuja bila mkoba. Alikaa kwenye benchi, mimi nashona, yeye ananitilia uzi kwenye sindano, maana macho yangu yameanza kuchoka. Hatukuongea mengi. Lakini kuna kutazamana kunakoongea. Nikiinua uso namkuta ananitazama, naye hakwepeshi. Ananitazama kama mtu anayeangalia kama wote wamefika. Siku moja alipoaga hakusema "Kwaheri, shemeji." Alisema "Kwaheri" tu, akalimeza lile jina. Nililala nikiwa na joto kifuani kama msichana, na nikamwomba Mungu anisamehe, kisha nikamwomba asilitoe.

Aliponiambia anataka kunioa, nilimjibu neno moja: "Nenda kwa mama." Si kwamba sheria ilinibana. Ila mwanamke yule aliniita mwanangu siku zote nilipokuwa sina wa kuniita hivyo. Bila radhi yake ningeolewa nikiwa nusu.

Mama alikubali kumpokea. "Aje kesho alasiri," alisema. "Nina neno la kumuuliza." Nilijua ni neno gani. Ndiyo sababu, Komeo alipopita siku hiyo kuchukua mkoba wake, ambao safari hii ulikuwa umechanika kwa haki, nilisimamisha cherehani.

"Kaa kwanza."

"Umeshamaliza?"

"Bado mshono mmoja. Kaa. Nina swali, na ukinijibu habari za ukungu nitakurushia mkasi huu."

Akacheka. Kisha akaniona usoni, akaacha.

"Tawi aliliondoa nani?"

Akauchukua mkasi mezani, akausogeza mbali na mkono wangu. "Nani kakutuma uulize?"

"Moyo wangu. Na muuza viatu."

"Ah, yule. Angekuwa mlinzi wa lango, hata nyani wangejieleza wanakwenda wapi."

"Komeo, usinichekeshe. Kesho mama atakuuliza hilohilo. Nataka nilisikie kabla yake."

"Si mimi."

"Basi nani? Mlima una mikono?"

"Mwenyewe," alisema. "Mumeo."

Nilishika gurudumu la cherehani ingawa lilikuwa limesimama.

"Tulikuwa tunateremka," akaendelea, na kila neno alilitoa kama mtu anayetoa mwiba mguuni. "Tulipofika njia panda akalaza tawi kama kawaida. Kundi likapita. Mara akajishika shingo. Skafu hana, ameiacha kibandani. Nikamwambia, twende, utaifuata kesho. Akasema, 'Komeo, wewe humjui mama yangu. Nikirudi bila ile skafu nalala na nyani.' Alikuwa anacheka. Akasema, 'Wapeleke watu, ukungu usije ukawakuta. Tawi liache, nitaliondoa mwenyewe nikipita.' Nikaliacha. Mimi sijawahi kuliondoa tawi mtu akiwa juu. Sijawahi."

"Kisha?"

"Nilipopanda kumtafuta, alama za fimbo yake zilikuwa zimeingia Njia ya Korongo. Zimeachana sana. Alikuwa anakimbia. Alitaka kutukuta njiani."

Niliiona ile skafu ya kijani kwenye msumari wake. Nilimsikia mama akicheka: baki hukohuko na nyani.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Nikiiambia ofisi, mtaa umejua. Mtaa ukijua, mama amejua. Atajua kwamba mwanawe alirudi juu kwa sababu ya maneno yake ya pale mlangoni."

"Alisema utani."

"Ndiyo maana. Angesema kwa hasira, angelia yakaisha. Utani atautafuna mpaka anaingia kaburini."

"Na wewe? Umetemewa mate mtaa huu mzima. Vijana wako wanakupita mbele. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, hakupandishi kwenye gari lake."

"Mimi nina mgongo mpana," alisema, akajaribu kutabasamu. "Kazi yangu ni nyuma. Wa nyuma hubeba walichoangusha wengine."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kukiegemeza kichwa changu pale kwenye bega lake na nisikiondoe tena. Nilifanya nini? Nilivuta kipande cha uzi kilichokuwa kwenye mkono wa shati lake. Alishika vidole vyangu, akavishika tu, kwa mkono ule uliozoea kuvuta watu kwenye miamba.

"Niahidi hutamwambia," alisema.

"Akikukataa je?"

"Niahidi."

"Mimi siahidi jambo ambalo sijalipeleka kwenye sala."

Nililipeleka. Nilipiga magoti, nikaeleza yote kama vile Mungu hakuwepo siku ile. Nilimwambia, ukweli ni wako, na uongo unauchukia; lakini bibi huyu naye ni wako. Nikangoja. Kuna siku majibu hayaji, unainuka na magoti yako na swali lako.

Kesho yake alasiri tulikaa sebuleni. Mama kwenye kiti chake. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anayeendesha gari la kuleta wapandaji mpaka langoni, aliketi karibu na mlango na ufunguo wa gari mkononi, kama mtu aliyekuja kuhakikisha mgeni hachelewi kuondoka. Komeo alikaa kwenye kigoda kifupi, magoti yakamfika kifuani. Niliwamiminia chai. Nikaona kwamba msumari ulikuwa mtupu. Skafu ilikuwa mapajani mwa mama, na vidole vyake vilivyokakamaa vilikuwa vinaipapasa.

"Karibu chai, bwana mwisho," alisema shemeji. "Leo umewahi. Nilidhani utafika kesho kutwa, baada ya watu wote."

"Asante."

"Unaona? Maneno yenyewe anayapima kwa kijiko. Huyu ndiye wa kukaa na shemeji yangu? Nyumba itakuwa kimya mpaka panya wahame."

"Wewe, nyamaza," mama alimkata. Kisha akamgeukia Komeo. Sauti yake haikuwa na ukali, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Mwanangu, ulikula kwangu ukiwa mdogo. Sahani moja na marehemu. Sijakusahau."

"Najua, mama."

"Huyu binti ni wangu. Sikumzaa, lakini ni wangu. Nikifumba macho usiku namsikia akiomba, nalala. Simkatazi kuolewa. Bado mbichi, sitaki akaukie kwangu. Lakini kuna mlango ambao sijaufunga mpaka leo, na wewe ndiye Komeo. Nakuuliza mbele yake. Tawi aliliondoa nani?"

Nilitazama chai yangu. Nikasema moyoni, sema ukweli. Papo hapo nikasema, usiseme.

"Mimi, mama."

Shemeji akapiga paja. "Si niliwaambia!"

"Na mwanangu yuko juu?"

"Yuko juu."

"Ulijua?"

"Nilikosea hesabu."

Mama akafumba macho. Nilidhani limekwisha. Lakini yeye ni mfumaji. Akiona tundu halipiti. Alifumbua macho, akaipandisha skafu mpaka kifuani.

"Ila kitu kimoja hakinikai. Mwanangu ndiye aliyekuwa wa mbele. Wa mbele hawezi kubaki nyuma ya mfungaji. Alirudi juu. Alirudi kufuata nini?"

Vidole vyake vilikuwa vinazunguka pindo la ile skafu, vinazunguka, vinazunguka. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Neno lilikuwa limefika kwenye meno, na nililiona tayari likimwangukia yule bibi, nikaona jinsi ambavyo hatacheka tena mbele ya mgeni yeyote.

"Tochi," alisema Komeo haraka, na sijawahi kumsikia akisema haraka. "Nilisahau tochi yangu kibandani. Nilimtuma, kwa sababu yeye alikuwa na mbio kunishinda. Kisha nikasahau kwamba nimemtuma."

Mbali na ile mikanda yake, sikuwahi kumsikia akisema uongo mpaka siku hiyo. Nikamwomba Mungu asiuandike.

"Tochi," mama alirudia, polepole. "Mwanangu alikufa kwa ajili ya tochi yako."

"Ndiyo, mama."

"Basi ondoka kwangu. Na huyu usimguse. Sitaki mkono uliosahau mwanangu unishikie binti yangu."

Komeo akainuka. Kigoda kikaanguka, akakiinua, akakiweka mahali pake taratibu kama mgeni mwenye adabu. Alinitazama. Nilidhani atanipa jicho lile lake la kuangalia kama wote wamefika. Hakunipa. Aliangalia pembeni ya uso wangu, kwenye kitasa cha dirisha.

"Asante kwa chai, shemeji," alisema.

Shemeji. Alilichukua lile jina alilolimeza, akalifuta vumbi, akanirudishia. Kisha akapita mbele ya mwenye gari, ambaye hakusogeza miguu, akairuka miguu hiyo akatoka. Nilimsikia akifungua lango la nje na kulirudishia nyuma yake, kwa komeo.

"Afadhali," alisema shemeji yangu. "Mama, nilikwambia mimi tangu zamani."

"Mwanangu," mama aliniita, akinyoosha mkono. "Njoo ukae hapa. Lia kama unataka kulia. Mungu atakupa mwingine, asiye na damu mikononi."

Sikulia. Nilisimama katikati ya sebule na ule ukweli mdomoni, mtamu kwangu na sumu kwake. Neno moja tu, na yule mwanamume angerudi akiwa msafi. Neno moja tu, na bibi huyu angebaki na skafu ambayo hataweza tena kuigusa. Komeo alikuwa amekwisha kuchagua. Alilaza tawi akaniambia, huku usipite. Lakini hakuniambia nisipite kokote.

Skafu ilikuwa imemteleza mama mapajani. Niliiokota, nikaikunja vizuri, nikaiweka mikononi mwake, nikaibusu mikono hiyo miwili. Ilinuka sabuni niliyomwogeshea asubuhi. Kisha nikaenda chumba cha kushonea. Mkoba wa Komeo ulikuwa juu ya meza. Katika yote yale alikuwa ameusahau. Nikauvaa mgongoni. Mkanda ukanikaa begani kama umepimwa kwangu.

Nilipopita sebuleni mama alikuwa amenyanyuka nusu kwenye kiti.

"Unakwenda wapi na mkoba wa yule?"

Nilichukua mtandio wangu nyuma ya mlango.

"Mwanangu, nakuuliza. Ukivuka kizingiti hicho kumfuata, radhi yangu usiihesabu. Umesikia? Niangalie. Kosa langu ni nini mimi? Nilikukosea nini?"

Lo, swali hilo. Jibu lilikuwepo. Nililibana kwa meno mpaka nikasikia ladha ya chuma, nikamtazama kwa mara ya mwisho, nywele zake nyeupe nilizozisuka mwenyewe, nikavuka kizingiti, nikateremka ngazi, nikafungua komeo la lango, na sikusema neno.